Kabla ya Kukata Chasisi

"Ukishakata hapa, kaka, hakuna kurudi," alisema Loveday, ameinama kutazama mistari ya chaki ambayo Denzil alikuwa ameichora chini ya gari lao.

"Ndiyo maana sijakata."

Denzil alizitoa sandukuni springi mpya za koili, za chuma kilichozungushwa pete juu ya pete, ambazo zisingeingia bila chasisi kukatwa, akazisimamisha sakafuni na kuanza kuzisifu kama mzazi anayemtafutia mwanawe mchumba. Zile za bapa, vyuma vilivyolazwa kimoja juu ya kingine tangu gari litoke kiwandani, zilikuwa ngumu; gurudumu la nyuma likikuta jiwe, linaruka. Za koili zingelifanya gurudumu likanyage ardhi lenyewe. Ubaya wake, mashindanoni wangeondolewa kwenye kundi la magari ya kale yasiyobadilishwa, wakashindane na vijana.

"Na mimi?"

"Wewe utakaa tu, dada. Utatazama kondoo."

Ulikuwa utani, lakini ulimchoma. Siku sita za juma Loveday alitandika vitanda katika hoteli ya pwani, na hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza jina. Jumapili, kwenye mashindano ya kupanda kwa gari vilima vya matope vya Cornwall, watu walimwita yeye kabla ya kaka yake. Yeye ndiye aliyedunda. Gurudumu likianza kuteleza, abiria huinuka na kujibwaga kitini, uzito wake ukaikandamiza ekseli mpaka tairi liume ardhi. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akiifanya kazi hiyo, na gari lile alilijua kwa makalio kuliko Denzil alivyolijua kwa usukani.

"Daktari kasema mgongo wako..."

"Mgongo wangu umekutuma? Kesho twende na hizi hizi. Tukikwama, kata."

"Umesema mwenyewe."

Kesho yake, magari kumi na moja yalikuwa yameshashindwa kukimaliza kilima cha Hendra. Sheria ya kilima ni moja: ukisimama hata kufumba na kufumbua, umekwisha.

Walipofika kwenye kona ya mizizi, injini ikapiga kelele na gari likazubaa. Denzil alifungua mdomo, lakini Loveday alikuwa ameshainuka. Anayengoja kuambiwa huwa amechelewa. Akajibwaga. Mara ya kwanza aliwahi mno. Akaisikia springi ikimrudisha juu, akaungojea mrudisho ule, kisha akashuka nao. Puu. Puu. Matope yakawavaa nyuso. Gari likajikokota shubiri moja, likauma, likajikokota tena.

"Usiache, dada. Usiache."

Hakuacha. Moyo ulimjaa fahari hata akasahau kuvuta pumzi, na gari likakimaliza kilima likiwa linatetemeka mwili mzima.

Juu kulikuwa na kijana aliyekwama kwenye kona ile ile asubuhi, na gari lake lilikuwa na koili mpya kabisa. Alikuja mbio, akapiga magoti matopeni kuchungulia uvunguni.

"Mzee, nyuma umefunga nini humu?"

Denzil alijipangusa macho kwa mkono wa shati. Kisha akaonyesha kwa kidole gumba kiti cha pembeni yake.

"Muulize huyo. Anaitwa Loveday Nance."

Kijana akasimama, akavua kofia. Loveday hakushuka. Mgongo ulikuwa unamwaka, na asingeweza kushuka hata kama angetaka. Lakini alikuwa amekaa wima, mikono magotini, na kwa aliyemtazama kutoka pale nje, yalikuwa maringo matupu.