Mti Mweupe wa Kakontwe

"Hakuna jani ya hapa Likasi yenye inaweza kunidanganya minye! Hata moja!"

Steve aliyasema hayo akiwa amesimama juu ya benchi, daftari lake la michoro limekumbatiwa kifuani kama padri aliyebeba Injili. Darasa zima la mwaka wa mwisho likampigia makofi, nusu kwa kumsifu, nusu kwa kumchokoza aendelee. Steve hakuwa mtu wa kutofautisha makofi. Makofi kwake yalikuwa makofi, kama vile bukari ni bukari, haijalishi nani kaisonga.

Chanzo cha yote kilikuwa ukuta. Shule ilikuwa imemaliza kupiga lipu ukuta wake mrefu unaotazama barabara ya Shituru, na kila mtu alikuwa na maoni kuhusu kitakachoandikwa pale. Madamu Adrienne, mwalimu wa biolojia, akawawahi wote. Mwezi wa tano, baridi ilipoanza kuuma masikio, aliwaambia wanafunzi hivi: anayetaka achukue daftari, achore mimea na viumbe vya Likasi jinsi anavyoviona, majira kwa majira, mpaka mvua zianze na zitulie. Mwenye daftari bora ndiye atakayeuchora ukuta, na jina lake litaandikwa chini kwa herufi kubwa.

Herufi kubwa! Steve hakulala vizuri wiki ile. Alishawaona watu wa kiwandani wakipita asubuhi na kusoma jina lake, akina mama wa sokoni wakipita na kusoma jina lake, hata yule mwalimu aliyempa sifuri ya hesabu akipita, akisoma, akijuta.

Na tumpe haki yake: kijana alikuwa na mkono. Nyasi zilipochomwa mwezi wa saba na vilima vikabaki vyeusi, alizichora kwa makaa aliyoyachota kwenye mbabula ya mama yake, jiko likiwa bado na moto. Rangi ya kijani aliitwanga kutoka kwenye sombe, majani ya muhogo yaliyongojewa kuwa mboga ya jioni, na siku hiyo nyumba nzima ilikula bukari kwa chumvi. Mwewe waliporudi mwezi wa nane, alichora mmoja akimnyang'anya mtoto andazi, na sura ya yule mtoto ilikuwa na uchungu mpaka ukitazama unataka kumnunulia jingine. Jakaranda zilipochanua mji ukageuka zambarau, naye akachora kiatu cha padri kikiteleza juu ya maua.

Mshindani wake alikuwa Ghislain, kijana nadhifu wa benchi la mbele. Michoro ya Ghislain ilikuwa misafi kupita kiasi. Hata kipepeo alimpigia rula.

"Ya kwako ni muzuri," Steve alimwambia siku moja, "lakini huyu kipepeo anangojea fundi wa kumufungua."

Basi mwishoni mwa mwezi wa tisa, joto likiwa limekausha hata mate, Steve akapanda baiskeli kwenda Kakontwe kumpelekea shangazi yake kikwembe cha kujifunga. Kwenye kona moja ya barabara, pale zinapopita kamyo za machimbo ya chokaa, akapiga breki mpaka akakaribia kuruka juu ya usukani.

Mbele yake ulisimama mti mweupe.

Haukuwa weupe wa maua. Majani yenyewe yalikuwa meupe, kila moja, juu mpaka chini, kana kwamba mtu ameuchovya mti mzima kwenye maziwa. Miti mingine ya pale ilikuwa imemwaga majani yake yote kwa ukame. Huu peke yake ulisimama umevaa, kama bibi harusi aliyefika kanisani kabla ya wageni. Steve akasogea akinyata. Alichuma jani moja kwa kukamata kikonyo tu, kwa sababu mtaalamu hagusigusi, akalifunga ndani ya leso. Kisha akakaa chini na kuchora mpaka jua likamhama. Chini ya mchoro aliandika: *Jani lina unga laini kama poda ya mtoto mchanga.* Halafu akaupa mti ule jina lake mwenyewe, na chini yake jina la Kilatini alichokiokota kwenye misa: *Arbor Stevensis*.

Kesho yake mtu wa kwanza kuonyeshwa alikuwa Carmen, mwanafunzi mwenzake, ambaye kwao ni Kakontwe kwenyewe. Carmen akautazama mchoro. Akamtazama Steve. Akautazama tena mchoro.

"Uliona hii muti wapi?"

"Kwenu! Pale kwa kona. Munapita pale kila siku, hamuna macho!"

Kinywa cha Carmen kilikuwa kimeshafunguka kumwambia jambo. Aliposikia hayo ya macho, akakifunga taratibu, kama mtu anayefunga duka mapema.

"Bon," alisema. "Pongezi, mutaalamu."

Habari haikukaa darasani. Baba yake Steve, Papa Symphorien, karani wa gari moshi, ni mtu ambaye mtoto wake akipiga chafya vizuri hutafuta wa kumsimulia. Jumapili ile aliizuia kwaya nzima mlangoni mwa kanisa. "Mutoto wangu alivumbua muti," alisema. "Haiko kwa vitabu. Iko na jina yake sasa." Mpaka jioni Shituru yote ilikuwa na habari za mti, na mama mmoja wa jirani alikuwa ameshauliza kama unatibu mgongo.

Madamu Adrienne naye akasikia. Alilishika daftari la Steve kwa mikono miwili, akaukazia macho ukurasa ule mweupe.

"Steve, sijawahi kuona mti wa namna hii. Jumamosi twende wote. Nikiuona kwa macho yangu, ukuta ni wako, na sitangoja mwisho wa mvua kusema hivyo."

"Na kama hatuiona?" Ghislain akauliza haraka.

"Tukikuta si kweli, nitampa mwingine."

Jumamosi wakatoka kwa miguu, msafara mzima wa wanafunzi, Madamu Adrienne mbele na mwavuli wake, na Papa Symphorien kati yao akiwa amevaa koti na tai, kwa sababu mtu haendi kuutazama mti wa mtoto wake na shati tupu. Steve alitembea kinyumenyume ili awatazame usoni wakati akiwaeleza atakavyoupanga ukuta. Hakuona wingu. Lilikuwa nyuma yake, kubwa, lenye rangi ya chungu cha zamani.

Wakiwa wamebakiza kipande kidogo kufika, harufu ya udongo ikawatangulia, kisha upepo, kisha mvua yenyewe, ya kwanza tangu kiangazi kianze, matone mazito yakipiga barabara kama mtu anayemwaga mahindi. Wakakimbilia baraza la mwanamke mmoja anayekaanga mandazi. Vijana wakapiga kelele za furaha, wengine wakatoka nje na kufungua vinywa. Hata Steve alicheza. Mvua ya kwanza! Na hiyo pia angeichora. Carmen peke yake alisimama ameegemea nguzo, anatafuna andazi na kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Mvua ilipopungua wakaendelea. Steve akawazuia wote kwa mikono iliyonyooshwa, kama askari wa barabarani.

"Fungeni macho. Bon. Sasa… fungueni!"

Wakafungua. Mbele yao ulisimama mti wa kijani, unang'aa, unadondosha maji.

Steve akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Akarudi mpaka kwenye kona, akaja tena mbio, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu aliyekuta nyumba yake imehama.

"Baliniibia! Baliniibia muti yangu!"

Kule barazani mwanamke wa mandazi akatoka na kijiko chake kuangalia mwizi.

"Labda ilienda kunyoa," Ghislain alisema. "Andika na hiyo mu kaye yako: muti yenye kutembea."

Madamu Adrienne akasogea, akavuta tawi, akapitisha kidole kwenye jani na kukitazama kidole chake. Aliuma midomo, lakini mabega yake yalishaanza kucheka bila yeye.

"Steve, baba yangu. Huu ni musuku."

Musuku! Mti ambao Steve amekula matunda yake kila mwaka tangu ana meno ya utoto, mara nyingine mpaka akalazwa na tumbo.

"Ni vumbi ya chokaa, Madamu," Carmen akasema, kicheko kikimkatakata maneno. "Kamyo zinapita, vumbi inapanda, inakaa. Kwetu mu kiangazi hata bata inakuwa nyeupe. Mvua ikikuja, byote binaoga."

Steve akamgeukia. "Na haukuniambia?"

"Ulisema hatuna macho. Nilikuwa natafuta yangu."

Papa Symphorien akasogea mbele. Tai yake ilikuwa imelowa, imejikunja kama ulimi wa mbuzi. Akasema polepole, "Steve. Nilisha kuambia kwaya yote."

Hilo ndilo lililomchoma. Kicheko cha Ghislain angekivumilia. Na yeye angemcheka Ghislain vilevile, tena kwa sauti zaidi. Akalifungua daftari kwenye ukurasa mweupe, akaukamata kwa pembeni auchane. Mkono ukagoma, na usidhani ni kwa unyenyekevu: mchoro ulikuwa mzuri mno. Basi akainua macho autazame vibaya ule mti uliomwaibisha, autukane kimoyomoyo, na hapo ndipo alipouona.

Upande ulioelekea mvua ulikuwa umetakata. Upande wa pili, na chini kule ambako majani ya juu yaliyafunika ya chini, weupe ulikuwa bado umekaa. Kati ya pande hizo mbili kulikuwa na majani yaliyooga nusu, kijani katikati na meupe kwenye mishipa, kama ramani za mito. Maziwa ya chokaa yalikuwa yakishuka kwenye shina kwa mistari mirefu na kukusanyika chini, kidimbwi cheupe kinachotetemeka kila tone lilipoanguka. Wingu jingine lilikuwa linakuja. Baada ya muda kidogo hakuna mtu ambaye angeona hayo tena.

"Madamu, twende," Ghislain alisema. "Ukuta sasa ni wangu, si vile?"

"Jumatatu," Madamu Adrienne alijibu, akafungua mwavuli.

Wenzake wakaondoka. Steve akakaa juu ya jiwe lililolowa, akafungua ukurasa unaofuata. Rangi nyeupe hakuwa nayo. Akachovya kidole kwenye kidimbwi, na vumbi lenyewe, lililochanganyika na mvua yenyewe, likawa rangi. Alichora kwa haraka, ulimi nje. Tone likaangukia karatasi, kisha la pili, halafu hayakuanguka tena. Alipoinua kichwa alimkuta Papa Symphorien amesimama juu yake na shati lililolowa, amelitandaza koti lake la kanisani kwa mikono yote miwili kama paa.

"Chora," baba yake alisema. "Usiniangalie. Chora."

"Na chini ya jani, ulisahau," Carmen alisema. Hakuwa ameondoka. "Haya, weye mwenye macho."

Jumatatu Madamu Adrienne aliziweka kurasa zile mbili wazi juu ya meza: bibi harusi na Kilatini chake upande mmoja, na upande wa pili ule mti ukivuliwa nguo na mvua. Alipoupitisha mkono, chokaa ikabaki kwenye vidole vyake. Akawaonyesha darasa vidole hivyo vyeupe.

"Ghislain ametuchorea Likasi iliyopigwa pasi," alisema. "Steve ametuchorea Likasi ikioga. Ukuta ni wa Steve. Ila hiyo *Stevensis* utaifuta."

Akaifuta. Na akaendelea: kumbikumbi wakijaa hewani baada ya mvua, uyoga mkubwa kama kofia ya baba mkwe, masuku yenyewe yakiiva mwezi wa kumi na mbili, akichora moja na kula mawili. Baada ya Pasaka, mvua zilipokauka, akauanza ukuta, Carmen akimchanganyia rangi na kumkosoa bila malipo. Na ukuta ukatoka, ndugu zangu. Unaanza getini na nyasi zilizoungua, unapita kwa mwewe na andazi lake, unapita chini ya zambarau ya jakaranda, na katikati kabisa umesimama musuku, nusu mweupe kwa chokaa ya Kakontwe, nusu kijani. Chini kuna jina. Tuseme tu kwamba herufi ni kubwa.

Jumapili ya kuufungua watu walijaa mpaka barabara ikafungwa. Dereva mmoja wa kamyo alizima mashine akashuka kutazama, akasema, "Hii muti naijua!" Papa Symphorien alisimama karibu na jina, ili anayelisoma aone na mwenye kulizaa. Kisha kijana wa redio ya mji akamsogezea Steve kipaza sauti, akamwuliza jinsi wazo la ule mti lilivyomjia.

Steve akakohoa kidogo. Umati ulikuwa mkubwa, na makofi yalikuwa makofi.

"Minye nilijua tangu mwanzo ni vumbi," alisema kwa sauti ya kitaalamu. "Kuangalia tu mara moja, nikajua. Nilingojea mvua. Ile siku ya kupeleka darasa nilichagua minye mwenyewe, ni juu Madamu aone vile muti inaoga."

"Eeeh!" umati ukashangilia.

"Redio iko inasikia?" Carmen akauliza kutoka nyuma, mikono yake ingali na rangi.

"Inasikia, mama," kijana wa redio akamjibu.

"Basi umuulize huyu mutaalamu, ni nani alilia 'Baliniibia muti yangu!' mupaka mwenye mandazi akatoka na kijiko."

Kicheko kikapita ukutani kutoka getini mpaka mwisho. Steve akafungua mdomo akatae, akatafuta kwa macho uso mmoja wa kumtetea, akaukuta ule wa baba yake. Kijana wa redio aliyafuata macho yake, na kipaza sauti kikaenda nayo.

Papa Symphorien akanyoosha tai. Redioni, mbele ya mji wote, mtu wa kwaya hasemi uongo.

"Alilia," alisema, kifua mbele. "Nilikuwa pale."