Tuko Bien, Asante

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha sufuria kiligonga mara moja, kikatulizwa na mkono. Daniella alikuwa anachemsha viazi vitamu taratibu asimwamshe mdogo wake, Clarisse. Lakini Clarisse alikuwa macho. Bei ya pikipiki ilikuwa imepanda tena, na leo angetembea kwa miguu mpaka Munigi, nje ya mji, kazini. Daniella alimfungia viazi viwili, kisha akampa viatu vyake mwenyewe, kwa kuwa soli za Clarisse zilikwisha kuliwa na mawe ya volkano.

Clarisse alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya ustawi wa jamii. Shirika moja lilimchukua kwa utafiti wa siku kumi: kuuliza watu waliokimbia vita, wanaolala katika nyumba za wengine, wanahitaji matibabu gani. Maswali yalikuwa ndani ya simu. Msimamizi wake, Ferdinand, aliwafundisha yeye na wenzake kusoma kila swali jinsi lilivyoandikwa, bila kueleza. Nyumba yenye mgonjwa ingepata jeton, kikaratasi cha kumwona muuguzi siku ya Alhamisi. Wanaoulizwa hawakutakiwa kuambiwa hilo, wasije wakadanganya.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mukamugema, aliyekimbia kutoka mji wa Kiwanja na binti yake. Walikuwa wameazimwa chumba cha mbao nyuma ya nyumba ya watu. Alipangusa kigoda chao kimoja kwa kitenge chake.

"Karibu, mama. Ikala."

"Asante, mama. Kwa wiki mbili zenye zimepita, kuna mutu mugonjwa hapa nyumbani?"

"Apana, mama. Tuko bien, asante."

Clarisse akabonyeza Hapana. Simu ikaruka maswali yote ya afya, ikauliza maji, ikauliza choo, ikaonyesha alama ya kijani. Fomu imetumwa.

Ndipo Mukamugema akaleta uji wa mtama katika kikombe. Alingoja mpaka mgeni amekunywa nusu, akaketi chini.

"Sasa nikwambie shida yetu. Uwizeye, kuja."

Uwizeye, mwanamke wa miaka ishirini na miwili, alitoka mkono umefungwa kwa kipande cha kitenge.

"Ana kifafa," mama yake akasema. "Dawa iliisha, leo siku ya tisa. Jumapili alianguka juu ya babula ya makaa, moto ukamuunguza mukono."

"Lakini mama, nilikuuliza kama kuna mugonjwa."

"Ulikuwa njo kwanza unaingia. Mugeni hata maji hajakunywa, nimumwagie magonjwa?"

Kwao Clarisse pia mgeni hapokelewi kwa magonjwa. Alilijua hilo tangu utotoni, na bado kidole chake kilibonyeza. Alijaribu kuifungua fomu mara nne. Haikufunguka.

Katika nyumba zilizofuata aliomba maji kwanza. Alikunywa, akauliza habari za watoto na za njia, kisha akasoma swali. Nyumba sita, wagonjwa watano.

Saa sita alimkuta Ferdinand njiapanda, ndani ya gari. Ferdinand alimsogezea nusu ya biskuti zake kabla ya kumsikiliza. Hakuwa mtu mbaya.

"Yule mama alijibu kwa heshima tu, chef. Binti yake ameungua."

"Nakuamini. Lakini jibu imeshaingia kwa serveur, haibadilike tena. Heshima haina code."

"Unipe jeton moja tu."

"Jeton inatoka kwa machine, haitoki kwa mufuko yangu." Alitazama simu yake. "Na wewe, asubuhi hukuwa na mugonjwa hata mumoja. Sasa watano. Unawafundisha majibu?"

"Naomba maji kwanza."

"Maji haiko kwa protocole ya utafiti." Alifunga macho kidogo, amechoka. "Kesho bakia bureau, usiende tena kwa nyumba za watu. Ile ya yule mama, andika kwa mémoire yako ya kumaliza masomo. Maprofesa wanapenda vile."

Clarisse alirudi kwa Mukamugema kwa miguu. Habari hii hakutaka aisikie kwa mtu mwingine. Alimweleza habari za jeton, za machine, na za kidole chake kilichobonyeza Hapana. Kisha akachana karatasi ya daftari, akaandika jina la Uwizeye, ugonjwa, siku tisa bila dawa, mkono, na chini namba yake ya simu.

"Alhamisi mwende hivi hivi, bila jeton. Umupatie muuguzi hii. Akikatala, unibipu, nitakuja kusimama na nyinyi."

"Watakufukuza kazi."

"Wameshaanza."

Mukamugema alikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Alimsindikiza mpaka barabarani, kwa kuwa mgeni haachwi aende peke yake. Hapo akamshika mkono, hakuuachilia haraka.

"Siku ingine urudie kutuona, mama," alisema. "Ukuje bila ile telefone. Uikale, ukunywe, kisha njo utuulize."