Bei Ndiyo Imeisha

Jina la supamaketi hiyo sitalitaja, wasije wakadhani nawatangazia bure. Ukifika Machakos mjini utaiona tu. Ina bango refu kuliko jengo lenyewe, na kila wiki kwenye bango kuna kitu cha nusu bei ambacho hujawahi kukutana na mtu aliyekipata.

Mimi ni Kasiva, wa Muthetheni. Ulimi wangu ni mkali. Nimeambiwa hivyo tangu usichana na sijawahi kuona sababu ya kubisha. Lakini siku ile sikuwa nimekwenda kugombana na mtu. Nilikuwa nataka tangi la maji, basi.

Kila mwaka mvua ya vuli hunyesha juu ya mabati yangu, ikateremka, ikaenda zake mtoni. Halafu ikifika Januari, mimi na mama mkwe wangu tunaifuata hukohuko mtoni na kuichimba mchangani kwa kata. Mama mkwe, ambaye namwita Mwaitu kama mama yangu mwenyewe, ana goti lililokataa ule mteremko. Mwaka jana alianguka na mtungi wake, akalala pale njiani mpaka nilipomsikia akiniita. Siku hiyo niliapa kwamba hatashuka tena.

Basi mwishoni mwa Oktoba ujumbe ukaingia kwenye simu. Matangi makubwa, nusu bei, Ijumaa, hadi yatakapokwisha. Nikauza mbuzi wangu.

Kosa langu si kuuza mbuzi. Kosa langu ni zamu. Kwetu kuna mwethya, akina mama tunaofanyiana kazi, leo kwangu, wiki ijayo kwako. Zamu yako ikifika husemi ngoja. Ukisema ngoja inakuruka, na hairudi mpaka kila mmoja apate yake. Yangu ilifika wiki ileile ya ujumbe. Mtu mwenye akili angeomba alimiwe shamba. Mimi nikaamini simu, nikasema nijengewe msingi wa tangi na nifungiwe gata za kukingia maji kwenye paa. Wakaja, wakaimba, wakajenga. Msingi wa mawe, mviringo, mzuri kuliko nyumba yangu, na juu yake hakuna kitu. Wapita njia waliuliza kama tunamtengenezea mtu sanamu.

Ndila, mwenyekiti wetu, mwanamke wa maneno machache, aliutazama ule msingi akasema, "Kazi ya mwethya haijaisha kama kitu hakijakaa mahali pake." Ndiyo maana Ijumaa alfajiri sikwenda peke yangu. Tulikodi pikapu, tukajaa nyuma na kamba zetu za kufungia.

Tulikuta watu wameshapanga foleni. Mbele yangu alikuwa Farhia, ana hoteli ya chai karibu na soko la mbuzi. Nyuma yangu alikuwa Mzee Nzioka kutoka Masinga. Nilimtania, mtu wa Masinga anatafuta nini hapa, na bwawa lote lile?

"Niko na dam, ndiyo," akasema. "Maji naona na macho. Kuinywa ndiyo sijapewa."

Kando ya mlango, nje, juu ya jukwaa la mbao, palikuwa na tangi jeusi limefungwa utepe mwekundu kama bibi harusi. Mawingu yalikuwa chini. Sote tulikuwa tukiyatazama, halafu tunatazama lile tangi.

Mlango ukafunguliwa. Ndani yalikuwako matangi matatu. Mawili yamebandikwa karatasi: IMEUZWA. Duka ndiyo kwanza linafunguliwa, na matangi yameuzwa! Yaliuzwa kwa nani, kwa malaika? Na lile la tatu lilikuwa limeshikwa na kijana mmoja ambaye foleni haikumwona kabisa, maana aliingia kwa mlango wa pembeni.

"Ofa imeisha!" bawabu akatangaza. "Asanteni kwa kuja."

Watu wakaguna, wakaanza kugeuka. Tumezoea. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba tumezoea. Lakini Farhia alikuwa amechungulia mlango wa nyuma.

"Na zile?" akauliza.

Uani palikuwa na matangi yamepangwa ukutani, meusi, makubwa, yaleyale. Meneja akaja, kijana mtanashati mwenye tai, anaitwa Muthoka, na jina hilo la Kikamba likanipa tumaini kidogo. Nikadhani, huyu ni wetu.

"Mama, hizo ni za bei ya kawaida."

"Ni tofauti na za ofa?"

"Hapana, ni sawa tu. Ofa ilikuwa tatu."

"Kwa hivyo tangi haijaisha," nikasema. "Bei ndiyo imeisha."

Akacheka kidogo, kama mtu aliyesikia mtoto akisema jambo la kweli mbele ya wageni. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, mama."

"Hiyo methali ni ya mtu aliyeruhusiwa kushindana. Mimi nimefunguliwa mlango mbio zikiwa zimekwisha."

Basi akaona aninyamazishe. Akachukua kikombe cha plastiki chenye jina la duka, akaniwekea mkononi. "Chukua, mama. Pole kwa usumbufu."

Nilikitazama kile kikombe. Nimeuza mbuzi, nimechoma zamu yangu, Mwaitu yuko nyumbani na goti lake, nami nimepewa kikombe. Nilikasirika mpaka macho yakaniwasha. Nikatoka nje, nikavua viatu.

"Nishikie," nikamwambia Ndila.

Hakuuliza. Pale kanisani kwetu, tangi likitaka kusuguliwa, mimi ndiye huingia, kwa kuwa Mungu alininyima nyama. Ndila akaninyanyua mguu mmoja, mwenzake mwingine, na kabla bawabu hajapata la kusema nikawa nimeshapita kwenye tundu la juu na kutua ndani ya tangi la utepe. Nikasimama. Kichwa changu kikachomoza juu.

"Mama, toka!" bawabu akalia. "Hiyo ni ya maonyesho!"

"Si mnaonyesha? Basi nami naonekana."

Akina mama wakalizunguka jukwaa, wakaanza wimbo wetu wa kuvuta mawe. Ukiusikia ukiwa ndani ya tangi, wimbo huo unakutetemesha meno. Ilikuwa mwisho wa mwezi, siku ya soko, na mlango wa duka ulikuwa hapohapo. Wanaotaka kuingia wakasimama kutazama, wanaotaka kutoka wakakwama. Simu zikainuliwa kunipiga picha. Mwanamke mmoja akapaza sauti kwamba yeye aliitiwa unga akaambiwa umekwisha kabla hajafika kwenye rafu. Mwingine akasema yake ilikuwa sufuria. Kumbe kila mtu alikuwa na kitu chake kilichokwisha.

Muthoka akapiga simu Nairobi, akageukia ukuta, akinong'ona. Alirudi akitokwa jasho, akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, na kwa Kikamba safari hii, kwamba wakubwa wamekubali. Nichukue tangi hili nililo ndani yake, kwa bei ya ofa. Nitoke, nilipe, akina mama wanyamaze, niende zangu kabla ya mvua.

Sitajifanya mtakatifu. Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nilikuwa nauona msingi wangu, naiona mvua ikiingia, namwona Mwaitu akifungua bomba bila kushuka popote.

Farhia alikuwa amesikia. Amekaa Machakos miaka mingi, Kikamba kinamwingia vizuri. "Chukua, dada," akasema. "Angalau mmoja wetu apate." Mzee Nzioka alikuwa anatazama viatu vyake.

Hapo ndipo nilipouona mchezo mzima. Matangi matatu ya kutukusanya, na moja la kutunyamazisha. Mimi nikishuka na langu, bango litabaki palepale, na wiki ijayo mwingine atauza mbuzi wake.

"Wale tuliopanga foleni mpaka mlango ukafunguliwa tunajuana," nikasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Wote wauziwe kwa bei uliyotuitia. Tangi ziko uani, hakuna kitu imeisha. Mimi nitatoka nikiwa wa mwisho."

"Mama, hiyo siwezi. Umepewa yako!"

"Mwethya ukiishia kwangu, huo si mwethya tena. Ni vibarua."

Ndila akapiga vigelegele. Na ndipo mvua ikashuka.

Haikuanza kwa matone. Ilimwagika yote mara moja, na mtaa mzima ukakimbilia kwenye mlango wa duka na kuuziba kabisa. Akina mama hawakusogea, waliendelea kuimba, vitambaa vimewaganda kichwani. Mimi maji yaliniingilia tunduni na kunifika vifundoni. Simu ikalia kifuani mwangu. Nikachuchumaa ndani ili isilowe.

"Kasiva," akasema Mwaitu, "mvua imefika huku."

Nilikuwa naisikia. Nyuma ya sauti yake nilikuwa nasikia gata zangu mpya zikimwaga maji kwa nguvu juu ya mawe matupu.

"Inapotea yote," nikamwambia. "Nisamehe."

"Uko wapi? Mbona sauti yako inatoka kisimani?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote: tangi nililopewa, watu waliobaki, jinsi ningeweza kuwa njiani sasa hivi. Nililia kidogo, na tangi likalia pamoja nami.

"Hao wengine wana mabati?"

"Wanayo."

"Sasa nikuulize. Mvua ya kwanza sisi hunywa?"

"Hapana, Mwaitu."

"Ni ya nini?"

"Ya kuosha mabati."

"Basi iache ioshe. Kuna vumbi la tangu Mei huko juu, na mavi ya kunguru. Wewe usitoke humo."

Nikasimama tena, kichwa nje, mvua ikinipiga usoni. Sijui nilikuwa na sura gani, lakini Muthoka aliponitazama alirudi nyuma hatua moja. Nyuma yake wahudumu wa kaunta walikuwa wamekaa mikono mitupu, maana hakuna mteja aliyeweza kupita. Akapiga Nairobi tena. Safari hii hakunong'ona. Aliinua simu hewani ili wasikie nyimbo, mvua na watu, kisha akasema, "Madam, mimi nitafungua uani. Mkitaka mnifukuze kesho." Hapo nikakumbuka kwamba naye ana mama, kama Mwaitu wangu.

Walipita mmoja mmoja. Kila aliyelipa alinijia na risiti yake iliyolowa, akaniinulia nione. Farhia. Mzee Nzioka, ambaye alivua kofia. Wengine sikuwajua majina. Risiti yangu ilikuja ya mwisho, nikapitishiwa tunduni, ndipo nikakubali kunyanyuliwa.

Tulipotaka kulilaza tangi, bawabu akasema tumwage kwanza yale maji.

"Tumwage?" Ndila akashangaa. "Wewe ni wa wapi?"

Maji hayo hayakupita kwenye bati lolote; yalitoka juu moja kwa moja. Kweli, nilikuwa nimesimama ndani yake, lakini miguu ni yangu. Tuliyachota yote na kuyatia kwenye jerikeni, tukitumia kile kikombe cha pole kwa usumbufu. Siku hiyohiyo tangi likakaa juu ya msingi wake, na Ndila akasema sasa kazi imeisha. Mvua ya pili ilinyesha Jumapili tukiwa kanisani, na tuliporudi Mwaitu alifungua bomba, akafunga, akafungua tena, bila chombo chochote chini, kwa raha tu. Sikumkataza.

Kikombe nanyweshea kuku. Muthoka hakufukuzwa, nasikia alikemewa tu.

Jana ujumbe mwingine umeingia. Magodoro, nusu bei, Ijumaa, hadi yatakapokwisha. Mimi sihitaji godoro. Nimewatumia Ndila, Mzee Nzioka na Farhia, naye Farhia amejibu kwamba ataleta chai, maana tutafika mapema.