Mnyama Anayecheza Mudende

Gratien alikuwa mvuvi wa Gisenyi, na mwaka ule wa 1955 alimwogopa mtu mmoja tu duniani: baba yake Languida, msichana aliyetaka kumwoa. Mzee Twagirimana alifuga ng'ombe huko juu Mudende, kwenye baridi, na sharti lake lilikuwa fupi. Siku ya kutoa mahari, anayetaka kumwoa binti yake asimame mbele ya ng'ombe amevaa umugara kichwani, acheze, na ajisifu kwa sauti kama wanaume walivyojisifu zamani. Asiyeweza, arudi kwao.

Umugara ni manyoya marefu ya nyasi kavu, mepesi, ambayo mchezaji huyarusha huku na huku. Gratien hakuwa nao, na aliona aibu kuazima. Akachukua kamba kuukuu ya mtumbwi, ya katani, akaifumua uzi kwa uzi na kuishona kwenye kipande cha wavu. Siku ambazo hakuvua alipanda mpaka ukingo wa mianzi, mbali na macho ya watu, akajifunza kucheza na kujisifu peke yake. Lakini Mudende kuna ukungu, na katani ikilowa hairuki. Inalala. Ilimfunika uso, mabega na mgongo hadi magotini, nayo ilinuka samaki. Jinsi alivyoonekana hakujua, maana kwenye mianzi hakuna kioo.

"Mi nilimuona huyo mnyama na macho yangu," alisema Mukamusoni, muuza viazi wa Mudende, asubuhi moja mjini. Alikuwa ameketi barazani kwa Faradji, fundi cherehani, akingoja nguo yake. "Iko na manyoya mpaka kwa magoti. Inapiga miguu chini, inatupa kichwa, kisha inanguruma."

"Basi ni ngagi," alisema Faradji, akimaanisha yule sokwe mkubwa wa msituni, bila kuinua macho.

"Ngagi tunajua, baba. Ngagi inakula mianzi yake, inanyamaza. Hii inacheza."

"Inacheza muzuri?"

Mukamusoni alifikiri. "Hapana."

Gratien, aliyekuja kuchukua kaptula yake, alisogea karibu. "Iko upande gani, mama?"

"Kwa mianzi, chini ya zizi ya Twagirimana."

Palepale! Wiki zote zile alikuwa akicheza mahali pale, mgongo wake ukielekea msituni, na huenda mnyama huyo alikuwa amekaa nyuma akimtazama.

"We unauliza ya nini?" aliuliza Faradji.

"Mi niko na kazi kule."

"Muvuvi iko na kazi gani kwa mianzi?"

"Kazi yangu."

"Bon, sawa. Kama inakukula, hii kaptula nampa nani?"

Gratien alilala vibaya, lakini kesho yake alipanda. Languida alikwisha kuwakataa wachumba wawili wenye ng'ombe kwa ajili yake, na yeye angekataaje mlima mmoja kwa ajili ya Languida? Alivaa kamba yake, akatazama nyuma, akapiga hatua mbili, akatazama nyuma tena.

Asichokijua ni kwamba siku hiyo Mzee Twagirimana alikuwa amechoka na habari za mnyama. Alikuwa amekusanya majirani wenye mikuki na mbwa, na walikuwa wakishuka polepole kutoka zizini. Ukungu ulipofunguka kidogo, mmoja wao alipiga kelele: "Mnyama! Mnyama huyo!"

Gratien hakuuliza ni yupi. Alifanya alichofanya kila mtu mwenye akili anaposikia kuna mnyama: aliwakimbilia watu. Alikuja mbio, mikono wazi, kamba ikimpiga magotini, akilia kwa hofu. Majirani walimwona anavyokuja, na kila mmoja aliamini kwamba amechaguliwa yeye. Mikuki ilianguka. Miti ilijaa watu. Mbwa waliinama kunusa harufu ya samaki, wakatikisa mikia.

Alibaki Twagirimana peke yake, ambaye goti lake lilikuwa bovu. Alielekeza mkuki kifuani mwa kile kitu.

"Kama wewe ni mtu," alisema, "jitaje."

Gratien alifungua kinywa. Alikuwa amekariri maneno ya vita na ng'ombe waliotekwa, maneno ya watu wengine, na yote yalikuwa yamemtoka. Basi alisema aliyokuwa nayo.

"Mimi ni Mkaa-na-Mawimbi, mwana wa Bizimana! Ziwa lilipindua mtumbwi, nikaushika! Upepo uliwaita wenzangu, nikawarudisha nyumbani kwa mama zao! Sijawahi kuteka ng'ombe, lakini hakuna niliyemwacha majini!"

Miguu yake ilianza kucheza yenyewe.

Mzee alisogeza kamba kwa ncha ya mkuki, akaona uso.

"Gratien?"

"Ndiyo, mzee."

"Nani alikufundisha kucheza?"

"Hakuna mtu, mzee."

"Inaonekana. Mguu wa kushoto unachelewa." Alishusha mkuki. "Maneno ni ya nani?"

"Ni yangu. Ndivyo ilivyokuwa."

Twagirimana alimshika bega kijana yule aliyelowa. Kisha akageukia miti.

"Shukeni," aliita. "Njooni mumsalimie mkwe wangu. Na anayetaka kumcheka, aanze kwa kutueleza anafanya nini huko juu."

Walishuka mmoja mmoja, na kila mmoja alimpa Gratien mkono kwa heshima kubwa.