Mikono Iliyosimama

Mimi ni kipofu, na kama vipofu wengi hapa Busan, riziki yangu ni kukanda watu. Pilsun, muuza samaki, nimemkanda kila Alhamisi kwa miaka kumi na miwili. Jana, juu ya mtulinga wake, vidole vyangu viligusa kivimbe kigumu kama kokwa ya kunazi, kisichosogea. Mikono ikasimama.

"Umesinzia, wewe?" akanitania.

Nimwambie nini, na mimi si daktari?

"Dada, nenda hospitali. Kesho asubuhi, usingoje Jumatatu."

Akasema taratibu, "Nimeshakwenda. Nilikuja kwako nikiomba mikono yako ipite hapo bila kusimama."