Gauni la Dada

"Sivui ng'o! Labda mnivue nikiwa maiti!"

"Jirani, nakuomba kwa hisani yako. Gauni hilo si lako."

"Si langu? Nani alipimwa kiuno? Nani alisimama hapa kama mlingoti, anachomwa pini mbavuni, anaambiwa usipumue? Paka?"

Fundi cherehani alishika kichwa. Jirani yake wa mlango wa pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa kuwa habari haikulala kwake, alikuwa katikati ya ua, ndani ya gauni jipya la buluu, akijizungusha ili marinda yafunguke. Alikuwa ameitwa kulijaribu mara ya mwisho. Alipojiona kwenye kioo akapiga kigelegele, akatoka nalo nje.

Kibaya zaidi, lilimkaa. Lilimkaa utadhani alizaliwa nalo.

Na kosa lilikuwa la fundi mwenyewe. Gauni lile lilikuwa zawadi ya siri kwa dada yake mkubwa, na dada huyo hapimiki. Akiona tu utepe, ana dharura: "Shona za wateja kwanza, Kitinda." Basi fundi akatafuta mwili unaofanana na wa dada, akaona wa Redio ndio huo huo. Lakini angemwambiaje kuwa anamwazima mwili tu? Kumpa Redio siri ni kuipandisha juu ya paa na kuipigia ngoma. Akanyamaza. Naye Redio, aliyepimwa bila kuelezwa, akajieleza mwenyewe: jirani mwema amenikumbuka. Sasa fundi akalazimika kumtobolea siri.

"Si ungesema ni la dada yako?"

"Ningekwambia wewe, dada angejua kabla sijafumba mdomo!"

"Unanitukana sasa."

"Sikutukani, nakukumbusha."

Majirani waliokuwa wakichungulia madirishani wakaangua kicheko. Fundi hakucheka. Alikuwa amelingoja gauni hili miaka. Alipokuwa anajifunza kazi aliharibu vitambaa hadi mwalimu wake akamshauri akatafute kazi ya kubomoa nyumba. Kila alichoharibu, dada alikichukua akakivaa: blauzi ya mkono mmoja mrefu, sketi iliyopinda kama njia ya ng'ombe. Alivivaa kazini, alivivaa harusini, na waliocheka aliwajibu, "Hii ni mitindo. Nyinyi hamjaifikia." Fundi alitaka, japo mara moja, kumvika kitu asichohitaji kukitetea. Maana kwa maneno ilishindikana. Akianza tu, "Dada, nashukuru...", anakatwa, "Za nini? Umekula?"

Na kweli, dada huyo akaingia uani, kikapu mkononi, kavaa ile blauzi ambayo kola yake inatazama begani.

"Dada wee, karibu uamue kesi!" Redio akamwaga yote kwa pumzi moja, siri na mshangao vyote chini, pwaa. Fundi alitamani kumshona mdomo kwa uzi wa viatu.

Dada alimzunguka Redio polepole. Akashika pindo, akaligeuza, akatazama mishono ya ndani.

"Wewe ndiye uliyeshona hili?"

"Mimi. Ni lako."

Dada akaliachia pindo. Kisha akasema, "Mwachie."

"Dada!"

"Huyu hanyamazi, tena hakai nyumbani. Akilivaa siku mbili tu, mtaa mzima utapanga foleni mlangoni kwako."

"Siutaki huo mtaa!" Fundi alijisikia akipiga kelele, na hakujali. "Miaka yote umevaa takataka zangu, leo nimetoa kizuri kimoja unakigawa! Unajua inavyochosha kumshukuru mtu asiyepokea? Ni kama kubisha hodi kwenye ukuta!"

Ua ukanyamaza. Hata Redio alinyamaza, jambo ambalo watu walilizungumza wiki nzima.

Dada akaweka kikapu chini. Akainua mikono kidogo, kama mtu anayekaguliwa na askari.

"Haya, nipime. Lakini haraka, chakula kinapoa."

Fundi alimpima kwa hasira, akivuta kamasi. Mabega sawa. Alipofika kiunoni akasimama, akarudia. Dada alikuwa mwembamba kuliko Redio kwa vidole vinne; zile blauzi pana zilikuwa zimemficha. Gauni lingemning'inia kama limeanikwa kambani.

Na angelivaa. Hilo ndilo lililomchoma fundi. Angelivaa hivyo hivyo, na kuwaambia watu ni mitindo.

"Vipi, nimenenepa?" dada akauliza.

"Nyamaza. Usipumue."

Dada akacheka, akaokota kikapu, akatangulia ndani. Harufu ya mchuzi ikatoka. Redio alikuwa bado amesimama pale pale, mikono imeshika marinda, hajui aende au abaki.

Fundi alizungusha utepe shingoni, akafuta macho, akamtazama.

"Sasa unangoja nini hapo, mwenye gauni lako? Ingia ule. Ila ukilidondoshea mchuzi, utalivua kweli."