Majina Matano, Mnazi Mmoja

Mwaka 1998, mvua za El Nino zilipokwisha kuharibu barabara, hoteli niliyokuwa nikitandika vitanda huko Diani ilitaka mtu mmoja wa ofisi ya kompyuta. Mwalimu Kaloki, aliyetufundisha C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, katika chumba cha kupanga pale Ukunda, alisema atapeleka jina la yule ambaye programu yake itafanya kazi Ijumaa. Nilikuwa nimetandika vitanda miaka minne. Niliitaka kazi ile mpaka chakula kikanishinda.

Zoezi lenyewe ungelicheka: programu ipokee majina matano, iyahifadhi, kisha iyaonyeshe. Niliingiza yetu, watoto wa Mzee Chirau: Dzombo, Alfani, mimi Mwanatumu, Maimuna, na Salimu kitindamimba. Mashine ikanijibu Salimu, mara tano. Nikarudia Jumanne, nikarudia Jumatano. Salimu yule yule, anayedekezwa nyumbani, sasa anadekezwa hata na mashine.

Mwalimu alikataa kunisahihishia. Alirudia tu kwamba kielekezi si jina lenyewe, ni namba ya mahali jina lilipo. Nilimwitikia kwa adabu na sikuelewa hata chembe.

Jioni nilipomsimulia Mama, aliiacha nazi kwenye mbuzi akacheka, akanikumbusha habari ya mnazi. Kwetu mtoto akizaliwa hutengewa mnazi wake. Baba alikuwa na mmoja tu wa maana, ule wa kisimani, naye akamshika kila mmoja wetu mkono kwa siri, akamwonyesha: huu ndio wako. Siku ya kuangua nazi tulikutana chini yake watu wanne, kila mtu na gunia lake, tukashikana mashati.

"Baba yenu hakuwagawia minazi, mwanangu," Mama alisema. "Aliwagawia kidole."

Kumbe mashine haikukosea. Nilikuwa na vidole vitano, ndivyo vielekezi vya mwalimu, vyote vikielekeza nafasi moja ndani ya mashine, na kila jina jipya lilifuta lililotangulia. Tena nikakumbuka Baba alivyotubu: alichimba mashimo matano akapanda miche mitano. Mitano, ingawa Dzombo alikuwa ameshafariki kwa surua akiwa na miaka sita.

Alhamisi nikafanya vivyo hivyo. Kabla ya kila jina niliiomba mashine nafasi mpya, kisha nikalinakili jina humo. Nikaiagiza inionyeshe na namba za nafasi hizo. Ikatoa tano, zote tofauti, na kando ya ile ya kwanza: Dzombo. Subhanallah. Jina ambalo hakuna mwingine aliyeliandika popote tangu kadi yake ya kliniki lilikuwa na mahali pake ndani ya chuma kile, mahali nilipopaomba nikapewa.

Ijumaa Mwalimu Kaloki aliiendesha mwenyewe. Majina yakatoka yote. Kisha akasoma mistari ya mwisho, kwa sababu alikuwa ametuonya kwamba ulichokiomba lazima ukirudishe, kila nafasi, ili apewe mwingine. Nilikuwa nimezirudisha zote, ila si kwa mpangilio wa orodha. Nilianza na ya Alfani, nikaenda mpaka ya Salimu, ndipo nikarudi juu kwa Dzombo.

"Huyu wa kwanza," akaniuliza, "mbona umemwachilia mwisho?"

"Yeye ndiye aliyetangulia kuondoka, mwalimu," nikamwambia. "Hapa nimetaka akae kidogo."

Mwalimu aliiendesha programu mara ya pili, akalitazama jina la Dzombo muda mrefu kuliko mengine. Kisha akavuta barua ya kupeleka hotelini, akaandika jina langu.